Mfumo wa kompyuta: urahisi unalipiwa, na uhuru nao unalipiwa

Wafanyabiashara na wawekezaji wadogo wanaotunza hesabu zao katika kompyuta walipata mtihani mpya Oktoba 14, 2025. Siku hiyo kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya bure ya kuziba kasoro za usalama katika Windows 10, mfumo uliotolewa Julai 2015. Kompyuta hazikuzimika. Zilizokuwa zikiwaka asubuhi ziliendelea kuwaka. Kilichokoma ni ulinzi dhidi ya wezi na virusi wanaopenya kupitia nyufa mpya zinazogunduliwa kila mwezi.

Kwa mnunuzi wa mahindi wa Kasense, ndani ya Manispaa ya Sumbawanga, habari hiyo yaweza kuonekana kuwa ya mbali. Hata hivyo, inamgusa moja kwa moja. Mfumo uliofuata, Windows 11, uliotolewa Oktoba 2021, hudai kompyuta yenye kifaa maalumu cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, kumbukumbu isiyopungua GB 4, nafasi ya kuhifadhi isiyopungua GB 64, na kichakato cha miaka ya karibuni. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2018 hazina sifa hizo zote. Hizo ndizo mashine ambazo mtu mwenye mtaji mdogo huzimudu, yaani zile zilizokwisha kutumika kwingine.

Mfanyabiashara wa namna hiyo ana njia tatu. Anaweza kununua mashine nyingine, kubaki na mfumo wa zamani, au kuweka mfumo mwingine usio wa Microsoft. Ili achague vizuri, inambidi aelewe jambo moja ambalo wauzaji hulitaja mara chache: mfumo ulio rahisi kutumia na mfumo ulio rahisi kubadilisha ni bidhaa mbili tofauti, na kila moja ina gharama yake.

Mfumo endeshi na kazi yake

Mfumo endeshi ni programu inayokaa kati ya mashine na programu nyingine zote. Kazi yake yafanana na ya msimamizi wa soko. Ndiye anayegawa vizimba, anayeamua nani aingize mzigo kwanza, na anayefunga lango usiku. Programu ya hesabu, barua na picha ni wenye biashara waliopanga ndani ya soko hilo.

Msimamizi mmoja anaweza kuwa amekwisha kupanga kila kitu. Mgeni akifika anaonyeshwa meza yake, anaanza kuuza. Akitaka kuigeuza meza iangalie upande wa pili, anaambiwa haiwezekani. Msimamizi mwingine anakabidhi uwanja mtupu na funguo zote. Mwenye ujuzi atajenga banda linalomfaa kabisa. Asiye na ujuzi atanyeshewa.

Wataalamu huita sifa ya kwanza urahisi wa matumizi, na ya pili unyumbufu, yaani uwezo wa mfumo kubadilishwa ufuate kazi ya mtu badala ya mtu kufuata mfumo.

Mvutano huo una umri mrefu. Unix, mfumo ulioanzishwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969, ulijengwa kwa vipande vidogo ambavyo fundi huviunganisha apendavyo. MS-DOS ya mwaka 1981 ilimtaka mtumiaji aandike amri kwa herufi mbele ya kioo cheusi, na kosa la herufi moja lilitosha kuharibu kazi. Macintosh ya kampuni ya Apple, mwaka 1984, ilileta picha na kipanya kwa wanunuzi wengi. Windows 95, iliyotolewa Agosti 1995, iliufanya mtindo huo uenee katika ofisi za dunia nzima. Wakati huohuo, mwaka 1991, mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, alitoa Linux, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua, kuifungua na kuibadilisha bila kulipia leseni.

Urahisi unapotosha kazi

Si kila kazi inahitaji unyumbufu. Mfano mzuri uko mkononi mwa kila mwenye kitochi. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa na Safaricom nchini Kenya Machi 2007, na Vodacom wakaileta Tanzania mwaka 2008. Inafanya kazi kwa orodha fupi ya namba. Mtu anachagua, anaandika kiasi, anaweka namba ya siri, basi. Hakuna anayeweza kuipanga orodha hiyo upya, na karibu hakuna anayelalamika, kwa sababu kazi ya kutuma fedha ni ileile kwa wote.

Mfano wa pili ni mashine ya EFD inayotoa risiti za kodi, ambayo ilianza kutumika nchini mwaka 2010 kwa wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT. Mwenye duka haruhusiwi kuichokonoa ndani. Kumbukumbu ya mauzo imefungwa makusudi ili isifutwe. Katika mashine hiyo, kutobadilika ndiyo kazi yenyewe iliyonunuliwa.

Matatizo huanza pale kazi ya mtu inapotofautiana na ya wengine. Mnunuzi wa mazao wa Ufipa ananunua kwa debe, anahifadhi kwa gunia, anauza kwa kilo. Wengine huchukua mzigo kwa mali kauli na kulipa baada ya wiki tatu. Orodha ya M-Pesa inamwambia fedha imeingia, lakini haimwambii ni ya magunia mangapi wala deni lililobaki. Kwa hiyo mfanyabiashara huyo anabaki na daftari pembeni. Daftari hilo ndilo ushahidi kwamba urahisi wa simu umefika mwisho wake, na kwamba kazi iliyobaki inadai chombo kinachobadilika.

Hata kompyuta ikishanunuliwa, urahisi una masharti yake. Windows 10 na Windows 11 zimepangwa kujipakulia marekebisho zenyewe. Kwa ofisi yenye intaneti ya waya hilo ni jambo jema. Kwa mtu anayeunganisha kompyuta kwenye simu yake, marekebisho hayo yanaweza kumaliza bando la wiki kabla hajatuma hata hesabu ya siku. Dawa ipo: mtumiaji anaweza kuiambia Windows kwamba mtandao anaotumia hulipiwa kwa kipimo, nayo itapunguza upakuaji. Lakini ni lazima ajue kwamba mpangilio huo upo. Kwa upande mwingine, Linux Mint, moja ya matoleo ya Linux yanayofanana na Windows kwa sura, kwa kawaida humjulisha mtumiaji kwamba kuna marekebisho na kumwachia aamue ni lini ayapakue. Huo ni uhuru. Ila mwenye kusahau kuyapakua mwaka mzima atajilaumu mwenyewe.

Uhuru wa nani?

Neno «uhuru» katika kompyuta lahitaji kuchunguzwa kama mzani kabla ya kupima. Android, mfumo wa simu uliotoka mwaka 2008, umejengwa juu ya Linux. Lakini aliyenunua simu hawezi kuugeuza apendavyo. Unyumbufu wa Android umewanufaisha zaidi watengenezaji wa simu, ambao waliuchukua bila kulipia leseni ya mfumo wenyewe na kuuweka katika simu za bei nafuu. Mnunuzi wa mwisho alipata urahisi na bei ndogo. Uhuru ulibaki kiwandani.

KaiOS ni mfano mwingine. Mfumo huu uliwekwa katika simu ndogo za vibonye ili zipate intaneti na WhatsApp kwa bei ya chini. Wengi waliufurahia. Lakini mwaka 2024 WhatsApp iliacha kupatikana kwa watumiaji wapya wa KaiOS, na mwaka 2025 ikaacha kufanya kazi kwa waliokuwa nayo. Simu zilikuwa nzima, betri zilikuwa nzima, na wenye simu hawakuwa na la kufanya. Waliokuwa wakipokea oda za wateja kwa njia hiyo walilazimika kununua simu nyingine.

Hapo ndipo penye somo kuu kwa mwenye biashara. Mfumo rahisi umerahisishwa na mtu aliyefanya maamuzi kwa niaba ya mtumiaji. Siku mtu huyo akibadili mawazo, gharama inamwangukia mtumiaji, na kwa kawaida inakuja yote kwa mkupuo.

Somo la Kiswahili la mwaka 2004

Tanzania ina historia yake katika jambo hili. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden, kiliendesha mradi wa KiLinux wa kuziweka programu huria katika Kiswahili. Desemba 2004 mradi huo ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupangia hesabu ambayo maelezo yake yalikuwa ya Kiswahili. Mwaka huohuo, mwezi Juni, Microsoft nao walikuwa wametangaza kwamba wangeziweka bidhaa zao katika Kiswahili.

Jambo OpenOffice iliwezekana kwa sababu programu yenyewe ilikuwa huria. Wataalamu wa Dar es Salaam hawakuhitaji kusubiri ruhusa ya kampuni yoyote ili kutafuta neno la Kiswahili la kila kitufe. Unyumbufu ulitumika kuzalisha urahisi. Hilo laonyesha kwamba mambo haya mawili si maadui wa kudumu. Mfumo unaobadilika unaweza kurahisishwa, mradi awepo mtu wa kuifanya kazi hiyo.

Lakini programu ya kompyuta hailali ghalani kama ulezi. Kila toleo jipya huja na maneno mapya ya kutafsiri, mafundi wa kufundisha, na makosa ya kurekebisha. Programu huria ni ya bure kwa maana ya leseni tu. Kazi ya kuitunza hulipiwa na mtu fulani, kwa mshahara, kwa msaada wa wafadhili, au kwa muda wa mtumiaji mwenyewe.

Mji wa Munich nchini Ujerumani uligundua hivyo kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2004 halmashauri yake iliidhinisha mpango wa kuhamia Linux, na kufikia 2013 kompyuta karibu 15,000 zilikuwa zimehama. Mwaka 2017 madiwani walipiga kura ya kurudi Windows, baada ya malalamiko ya watumishi na ugumu wa kubadilishana mafaili na ofisi nyingine. Wapo waliosema kosa lilikuwa la Linux, na wapo waliosema lilikuwa la uongozi na siasa. Kwa mwenye biashara inatosha kuona kwamba hata mji tajiri wenye mafundi wake wenyewe ulihama mara mbili, na mara zote mbili ulilipa.

Hesabu ya Kasense

Ichukuliwe kwamba mnunuzi wa mahindi wa Kasense ana kompyuta ya Windows 10 isiyokubali Windows 11. Kiasi kinachofuata ni cha kukokotolea tu, si bei za soko. Kila msomaji aweke kiasi chake.

Njia ya kwanza ni kununua kompyuta yenye Windows 11 kwa shilingi 900,000 na kuitumia miaka 5, yaani miezi 60. Gharama yake ni shilingi 15,000 kwa mwezi.

Njia ya pili ni kubaki na mashine ileile na kuweka Linux. Leseni hailipiwi. Fundi wa mjini anadai shilingi 30,000 kuweka mfumo na kuhamisha mafaili. Mwenye biashara anapoteza siku 5 za kujifunza, na kila siku ya kazi ina thamani ya shilingi 20,000 kwake, jumla shilingi 100,000. Mashine inategemewa kudumu miezi 24 zaidi. Shilingi 130,000 zikigawanywa kwa miezi hiyo, inakuwa takriban shilingi 5,400 kwa mwezi. Hapo Linux imeshinda kwa mbali.

Sasa aongezwe fundi. Ikiwa mtumiaji anakwama na kumwita fundi mara mbili kwa mwezi, kila safari shilingi 10,000, gharama inapanda hadi takriban shilingi 25,400 kwa mwezi. Linux imeshindwa. Akimwita mara moja tu kwa mwezi, inakuwa takriban shilingi 15,400, na njia mbili zinakaribiana sana.

Hesabu hii yaonyesha kwamba bei ya leseni siyo iliyoamua. Aliyeamua ni fundi: yuko wapi, anaitwa mara ngapi, na anaujua mfumo gani. Fundi wa kupiga Windows upya ni rahisi kumpata mjini. Anayeijua Linux vizuri hutafutwa. Mwenye duka ambaye kijana wake amesomea kompyuta na anakaa nyumbani ana hesabu tofauti kabisa na jirani yake ambaye lazima afunge duka na kupanda bodaboda kwenda mjini kila kinapotokea kitu.

Njia ya tatu ni kubaki na Windows 10 bila kufanya lolote. Kwenye karatasi gharama yake ni sifuri. Lakini kama madeni ya mali kauli ya shilingi 3,000,000 yameandikwa ndani ya mashine hiyo tu, basi mtaji huo umewekwa katika ghala lisilo na mlinzi. Mwaka 2025 Microsoft ilitangaza nafasi ya kuongeza ulinzi wa Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi Oktoba 13, 2026, kwa dola 30 za Marekani, au bila malipo kwa aliyekubali kuhifadhi mipangilio yake kupitia akaunti ya Microsoft. Hiyo ilikuwa njia ya kununua muda, na anayenunua muda lazima ajue atautumia kwa nini.

Zipo pia nakala za Windows za kukraki. Gharama yake haionekani mwanzoni, kwa sababu anayevunja kufuli la mfumo anaweza pia kuacha mlango wazi kwa ajili yake mwenyewe. Mfanyabiashara hawezi kujua kama ameacha au hakuacha. Hakuna anayekubali gunia lililofungwa na mtu asiyemjua bila kulifungua kwanza.

Ushauri kabla ya msimu

Mvua za Ufipa huanza mwishoni mwa mwaka na mavuno hushika kasi kuanzia mwezi Juni. Kipindi cha kubadili mfumo ni pale magunia yanapopungua, si pale foleni ya wauzaji imefika barabarani. Hatua zifuatazo zapaswa kufuatwa kwa utaratibu wake:

(a) Programu kwanza, mfumo baadaye. Mwenye biashara aandike orodha ya programu anazozitegemea. Tally, kwa mfano, imetengenezwa kwa ajili ya Windows. Anayeitegemea asidanganywe na bei ya bure ya Linux. Lakini anayepanga hesabu katika jedwali, kuandika barua na kutumia intaneti anaweza kufanya yote hayo katika Linux kwa kutumia LibreOffice, programu iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010.

(b) Kujaribu kabla ya kuhama. Matoleo mengi ya Linux, yakiwemo Ubuntu na Linux Mint, yanaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kufuta kilichomo ndani ya kompyuta. Printa ijaribiwe. Intaneti ya simu ijaribiwe. Faili la madeni lifunguliwe na jumla zake zilinganishwe na daftari.

(c) Nakala mbili za hesabu, moja ikae nje ya duka. Kanuni hii haitegemei mfumo wowote. Aliye na nakala anaweza kuhama Windows, kuhama Linux, au kurudi, bila kumpoteza mdeni hata mmoja.

(d) Mafaili yahifadhiwe katika muundo unaofunguka kwingine. Huu ndio unyumbufu wa bei ndogo kuliko wote, na unapatikana hata ndani ya mfumo uliofungwa kabisa. Anayeweza kuondoka na hesabu zake ana sauti mbele ya muuzaji yeyote.

(e) Tarehe ya mwisho iulizwe siku ya kununua. Windows XP ilifikia mwisho Aprili 8, 2014, Windows 7 Januari 14, 2020, na Windows 10 Oktoba 14, 2025. Matoleo ya Ubuntu ya muda mrefu, ambayo hutoka kila baada ya miaka 2, hupewa miaka 5 ya ulinzi wa kawaida. Hakuna mfumo usio na mwisho. Kompyuta ya bei ya chini iliyobakiza mwaka mmoja wa ulinzi yaweza kuwa ghali kuliko ya bei ya juu iliyobakiza miaka mitano.

Mwenye duka moja, programu moja na fundi aliye mbali ana haki ya kuchagua urahisi, na asione haya kuulipia. Mwenye mashine kadhaa za zamani, kijana mwenye ujuzi na kazi isiyofanana na ya wengine ana sababu ya kuchagua unyumbufu. Anayepata hasara ni yule aliyechukua mfumo rahisi akidhani hautabadilika, na yule aliyechukua mfumo huru akidhani hautamgharimu. Wote wawili walisoma bei iliyoandikwa kwenye boksi wakaacha kusoma ile itakayokuja mwezi hadi mwezi.